Nyuzi za Dhahabu Zinazojijenga Majini: Somo la Uga wa Umeme na Chembe za Nano

Ndugu msomaji, somo letu la toleo hili linatoka kwenye fizikia, lakini nimeliandika ili hata anayesoma sheria au biashara alifuate hadi mwisho. Swali lenyewe ni hili: ukiwa na chembe za dhahabu ambazo ni ndogo mno kushikwa kwa kibano chochote, utazipangaje zikae mstari mmoja mpaka ziwe uzi unaopitisha umeme?

Nimelichagua kwa sababu ya kikao chetu cha kujisomea, kile tunachokaa baada ya Alasiri katika chumba cha jumuiya. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, aliniuliza: "Kaka, haya mambo ya nano si ya watu wenye maabara za mabilioni? Sisi huku tunayasomea nini?" Huu ndio wakati wa kuchagua miradi ya mwaka wa mwisho, na nimeona wengi wakiikimbia sayansi hii kwa kulisikia jina lake tu. Sitamjibu kwa maneno ya kutia moyo. Nitamjibu kwa hesabu, kisha kila mmoja aamue mwenyewe.

Ukubwa tunaouzungumzia

Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000. Chembe ya dhahabu tutakayoizungumzia ina kipenyo cha nanomita 20 hivi, kwa hiyo ukizipanga chembe 4,000 bega kwa bega ndipo utavuka unene wa unywele mmoja.

Chembe hizi si jambo la jana. Mwaka 1857 Michael Faraday, Mwingereza yule yule tunayemsoma kwenye somo la umeme na sumaku, alieleza mbele ya wanasayansi wa London jinsi alivyopata maji mekundu kwa kuigeuza dhahabu kuwa chembe ndogo zinazoelea majini. Baadhi ya chupa zake zipo hadi leo katika Royal Institution. Mwaka 1951 John Turkevich na wenzake walieleza njia rahisi ya kuzitengeneza kwa kuchemsha chumvi ya dhahabu pamoja na sitrati, na njia hiyo ingali ikitumika vyuoni. Wekundu huo una maana: chembe zikiwa zimetengana, maji ni mekundu, zikigandana, yanageuka zambarau au bluu. Sitrati huzipa chembe chaji hasi, nazo husukumana na kubaki zinaelea.

Basi tatizo letu ni hili: chembe zimekaa mbalimbali, zinatikisika ovyo majini, na sisi tunazitaka zikae mstari. Tutazishika na nini?

Chanuo na vipande vya karatasi

Tuanze na jambo ulilolifanya ukiwa shule ya msingi. Unasugua chanuo la plastiki kwenye nywele kavu, unalisogeza karibu na vipande vidogo vya karatasi, navyo vinaruka kulifuata. Karatasi haina chaji. Mbona inavutwa?

Jibu ni kwamba uga wa umeme wa chanuo huzitenga chaji ndani ya karatasi. Chaji za aina moja husogea kidogo upande wa chanuo, za aina nyingine husogea upande wa nyuma. Karatasi sasa ina ncha mbili, na kila ncha inavutwa kuelekea upande wake, kama mchezo wa kuvuta kamba. Lau uga ungekuwa na nguvu sawa kila mahali, timu mbili zingelingana na kamba isingesogea. Lakini uga wa chanuo ni mkali karibu na hafifu mbali. Ncha iliyo karibu inavutwa kwa nguvu kuliko ncha ya nyuma inavyosukumwa, timu moja inashinda, na karatasi inaruka.

Shika mambo mawili hapo. Kwanza, kitu kisicho na chaji kinaweza kusukumwa na uga wa umeme. Pili, ili kisogee, uga lazima usiwe sawa kila mahali: uwe na mteremko, mkali huku, hafifu kule. Mwaka 1951, mwaka ule ule wa Turkevich, Herbert Pohl wa Marekani aliupa mwendo huu jina la dielektroforesisi. Usiichanganye na elektroforesisi, ambayo ni mwendo wa kitu chenye chaji kuelekea elektrodi yenye chaji kinyume.

Kwa nini mkondo geu

Mtu anaweza kusema: chembe za dhahabu zina chaji hasi, basi tumia betri tu, zivutwe upande chanya. Zitakwenda, ndiyo, lakini zitarundikana kwenye elektrodi kama matope, si uzi. Tena maji yenyewe huanza kuvunjwa kuwa hidrojeni na oksijeni, jambo linalowezekana kuanzia volti 1.23, na mapovu yataharibu kila kitu. Zaidi ya hapo, ayoni zilizomo majini hukimbilia elektrodi, hujipanga juu yake na kuuziba uga usifike katikati.

Mkondo geu unatuokoa na yote matatu. Chukua mkondo unaogeuka mara 100,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 100. Chembe yenye chaji inavutwa kushoto, kabla haijafika popote inavutwa kulia, na mwisho wake imebaki palepale. Mapovu hayapati nafasi ya kukua. Ayoni hazipati muda wa kuziba.

Lakini dielektroforesisi haipotei, na hapa ndipo penye utamu wa somo. Uga ukigeuka, na ncha mbili za chembe zinageuka pamoja nao. Ile iliyokuwa chanya inakuwa hasi, na elektrodi iliyokuwa hasi inakuwa chanya. Vinageuka kwa pamoja, kwa hiyo mvuto unabaki kuelekea upande ule ule, penye uga mkali. Ndiyo maana katika hesabu nguvu hii inafuata mraba wa uga: hasi mara hasi ni chanya.

Nani anavutwa na nani anasukumwa

Chembe yetu haiko kwenye ombwe, iko majini, na maji nayo yanavutwa. Fikiria kizibo na jiwe ndani ya beseni. Dunia inavivuta vyote viwili, lakini kizibo kinapanda juu kwa sababu maji yanavutwa zaidi kukishinda. Katika umeme ni hivyo hivyo. Ikiwa chembe inatenga chaji kwa urahisi kuliko maji, itakwenda penye uga mkali. Ikiwa maji yanaishinda, chembe itasukumwa kwenda penye uga hafifu.

Wanafizikia huupima ushindani huu kwa namba moja, tuiite K. Kwa chembe ya duara, K haizidi 1 na haishuki chini ya hasi nusu. Dhahabu ni kipitishi kizuri, K yake iko karibu na 1, kwa hiyo inavutwa. Chembe nyingi za plastiki, kwenye marudio ya juu, zina K hasi. Na K hubadilika kwa kadiri ya marudio ya mkondo: kwenye marudio ya chini kinachoamua ni nani anapitisha umeme vizuri zaidi, kwenye marudio ya juu kinachoamua ni nani ana pemitiviti kubwa, yaani uwezo wa kutenga chaji bila kuzipitisha. Kwa hiyo kwa kuzungusha kitufe kimoja tu unaweza kuigeuza chembe ile ile, kutoka kuvutwa hadi kusukumwa.

Mfano maarufu ni wa mwaka 2003. Ralph Krupke na wenzake huko Karlsruhe, Ujerumani, walikuwa na mirija ya kaboni ya aina mbili iliyochanganyika: mingine inapitisha umeme kama metali, mingine ni nusu-kipitishi. Kwa macho haitofautiki, na kuitenga kulikuwa kumewashinda wengi. Waliidondosha ikiwa ndani ya maji juu ya elektrodi zenye mkondo wa megahezi 10. Ile ya metali ilivutwa ikanasa kwenye elektrodi. Ile ya nusu-kipitishi ilishindwa na maji, kwa kuwa pemitiviti ya maji ni kubwa, takriban 80, ikabaki kuelea.

Adui mkubwa ni mtikisiko

Sasa tuje kwenye hesabu niliyoiahidi. Chochote kilicho kidogo majini kinatikiswa na molekuli za maji bila kupumzika. Robert Brown aliuona mtikisiko huu mwaka 1827, na Albert Einstein akaueleza mwaka 1905. Nishati ya mtikisiko huo, kwenye joto la kawaida la chumba, ni takriban 4.1 × 10⁻²¹ ya jouli. Tuiite "kipimo kimoja cha joto". Ili uga uishike chembe, nishati ya mshiko lazima izidi kipimo hicho, na si kwa kidogo: kama mara 10 hivi ili itulie.

Nishati ya mshiko ni:

U = 2π × ε × r³ × K × E²

Hapa ε ni pemitiviti ya maji, ambayo ni 7.1 × 10⁻¹⁰ kwa vipimo vya kimataifa, r ni nusu kipenyo cha chembe, na E ni ukali wa uga kwa volti kwa mita. Tazama ile r yenye kipeo cha tatu. Ukiipunguza chembe mara 10, mshiko unapungua mara 1,000. Huo ndio ugumu wote wa kazi hii.

Tuchukue K kuwa 1, kisha tuulize: uga gani unalingana na kipimo kimoja cha joto?

- Chembe yenye r ya mikromita 1: takriban volti 960 kwa mita.
- Chembe yenye r ya nanomita 100: takriban volti 30,000 kwa mita.
- Chembe yenye r ya nanomita 10, kama dhahabu yetu: takriban volti 960,000 kwa mita, karibu volti moja kwa kila mikromita.

Volti milioni moja kwa mita inasikika kama ya laini kuu za umeme. Lakini ukali wa uga ni volti zikigawanywa kwa umbali. Volti 10 kati ya elektrodi zilizoachana milimita 1 ni volti 10,000 kwa mita tu. Volti hizo hizo kwenye pengo la mikromita 10 zinatoa milioni moja. Huhitaji umeme mwingi, unahitaji pengo dogo. Na mapengo ya mikromita chache hutengenezwa kwa lithografia, ufundi ule ule wa kuchora chipu za kompyuta, ambao kweli ni wa gharama. Kwa hiyo mdogo wetu hakukosea kabisa.

Uzi wa mwaka 2001

Lakini kuna njia ya kulizunguka tatizo hilo, na ilioneshwa mwaka 2001 katika jarida la Science na Kevin Hermanson, Orlin Velev, Eric Kaler na wenzao huko Marekani. Walichukua chembe za dhahabu za nanomita 15 hadi 30 ndani ya maji, kati ya elektrodi zilizoachana milimita kadhaa, si mikromita. Wakawasha mkondo geu. Kutoka kwenye ukingo wa elektrodi moja ukaanza kuota uzi, ukarefuka kuelekea elektrodi ya pili kama mzizi unaotafuta maji. Unene wake ulikuwa kama mikromita moja, na urefu uliweza kupita milimita 5.

Iliwezekanaje, ilhali hesabu yetu inasema uga wa pengo pana ni hafifu? Siri iko kwenye ncha. Unajua kwa nini radi hupenda kupiga mti mrefu uliosimama peke yake: uga wa umeme hujikusanya kwenye ncha kali. Uzi ukishaanza, ncha yake ni nyembamba na inapitisha umeme, kwa hiyo ni kama elektrodi imesogea hadi hapo, na uga mbele ya ncha hiyo ni mkali mara nyingi kuliko wastani wa pengo. Chembe zilizo jirani zinavutwa, zinajiunga, ncha inasogea mbele, na ukali unahama nayo. Uzi unajibebea mtego wake wenyewe.

Tena kuna msaada wa pili. Chembe mbili zenye ncha za umeme zikikaa moja mbele ya nyingine, chanya ya hii inatazamana na hasi ya ile, zinavutana. Zikikaa ubavu kwa ubavu, zinasukumana. Ndiyo maana unga wa chuma karibu na sumaku hukaa mistari, haukai mabonge. Chembe zetu nazo hupenda foleni kama mabehewa ya treni.

Kwa nini uzi hausambaratiki? Chembe za dhahabu zikisukumwa hadi zikakaribiana sana, nguvu za van der Waals, zile nguvu za karibu zinazovutanisha vitu vyote, zinazishinda chaji za sitrati na kuzigandisha. Uga unazipeleka chembe mpaka mlangoni, van der Waals inafunga mlango.

Pima ukubwa wa kazi hiyo. Uzi wa unene wa mikromita 1 na urefu wa milimita 5, hata tukisema nusu yake ni nafasi tupu, una karibu chembe milioni 500 za nanomita 20. Hakuna fundi aliyezishika. Tena wachunguzi waliona kwamba ukiweka kisiwa cha metali njiani, uzi unakifuata na kujiunganisha nacho wenyewe.

Upande wa pili wa kazi hii ni kukamata chembe moja tu. Mwaka 1997 Alexey Bezryadin, Cees Dekker na Günter Schmid walieleza jinsi ya kunasa chembe moja ya metali kati ya elektrodi mbili zilizoachana nanomita chache. Ujanja wao ni wa kupendeza: waliweka ukinzani mkubwa kwenye saketi. Chembe ya kwanza ikinasa, mkondo unaanza kupita, volti nyingi zinaangukia kwenye ukinzani, uga kwenye pengo unashuka, na chembe ya pili haivutwi tena. Mlango unajifunga mgeni wa kwanza akishaingia.

Inatufaa nini

Kwetu sisi faida ya karibu naiona kwenye vipimo vya maradhi. Mwaka 1999 Velev na Kaler walikusanya vijiduara vya plastiki vyenye protini juu yake katika pengo kati ya elektrodi ndogo. Kingamwili iliyotafutwa ikinasa kwenye protini, inawekewa alama ya dhahabu, kisha fedha inaoteshwa juu ya dhahabu hiyo. Fedha ikijaa, pengo linaanza kupitisha umeme. Jibu la kipimo unalisoma kwa mita ya kupima ukinzani, kama ile aliyonayo fundi redio.

Na malaria, ambayo kila mmoja wetu anaijua, imo pia. Mwaka 2002 Peter Gascoyne na wenzake walionesha kwamba seli nyekundu za damu zenye vimelea vya malaria zinaweza kutengwa na seli nzima kwa nguvu hii hii. Kimelea hufanya ngozi ya seli ivuje ayoni. Seli ikiwekwa kwenye maji yenye chumvi kidogo inapoteza ayoni zake, K yake inabadilika, na uga unaitofautisha na jirani yake.

Nisiseme mazuri tu. Uzi uliotengenezwa majini huweza kukatika maji yanapokauka, kwa kuwa ngozi ya juu ya maji huvuta kwa nguvu inapopita juu yake. Kutengeneza uzi mmoja ni rahisi kuliko kutengeneza elfu moja zinazofanana. Na chumvi ni adui. Joto linaloongezeka katikati ya elektrodi hukadiriwa kwa σV²/8k, ambapo σ ni uwezo wa maji kupitisha umeme na k ni uwezo wake wa kupitisha joto, takriban 0.6. Kwa volti 10, maji yenye σ ya 0.001 yanapanda joto kwa nyuzi 0.02 tu. Maji ya dripu ya hospitali, yenye σ ya takriban 1.5, yangepanda nyuzi 30 hivi. Seli zitapikwa kabla hujapima kitu. Ndiyo maana damu haiwekwi moja kwa moja. Lazima chumvi ipunguzwe kwanza.

Mradi unaowezekana hapa chuoni

Tuangalie tulicho nacho. Kifaa cha kawaida cha maabara cha kutoa mawimbi ya umeme kinatoa volti 20 kutoka kilele hadi bonde, sawa na volti 7 za wastani wa kazi. Kwa wembe na gundi unaweza kubandika vipande viwili vya karatasi ya aluminiamu, ile ya kufungia chakula, juu ya kioo cha hadubini, ukaacha pengo la milimita 0.5. Uga wako ni volti 14,000 kwa mita.

Kwa chembe yenye r ya nanomita 100, mshiko ni 0.2 ya kipimo cha joto. Haitoshi. Kwa chembe yenye r ya nanomita 500, mshiko ni kama vipimo 27. Inatosha. Na kwa seli ya hamira, ile ile ya maandazi, yenye r ya mikromita 2.5 hivi, mshiko unafika vipimo 3,000 kwa K ya 1. Hata K ikiwa nusu, bado ni zaidi ya elfu moja. Nayo hamira inaonekana vizuri kwenye hadubini ya kawaida.

Hamira si chaguo la maskini. Pohl mwenyewe, pamoja na Ira Hawk, ndiyo waliyoitumia mwaka 1966 kuonesha kwamba seli hai zinaweza kutengwa na zilizokufa. Fanya hivi:

1. Yeyusha gramu 10 za sukari katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, yale safi yasiyo na chumvi. Sukari inazuia seli zisijazwe maji kupita kiasi, na haipitishi umeme.
2. Koroga hamira kidogo sana humo. Iache ituame, mwaga maji ya juu, weka mapya. Rudia mara tatu ili kuondoa chumvi.
3. Weka tone kwenye pengo, funika kwa kioo chembamba, washa kwenye megahezi 1.
4. Tazama. Seli hai zitasogea kwenye kingo za aluminiamu na kujipanga mistari kama tasbihi.
5. Zima. Mistari italegea na kutawanyika, kwa sababu hapa hakuna van der Waals ya kufunga mlango kama kwenye dhahabu.
6. Rudia kwa hamira uliyoichemsha dakika chache. Linganisha. Rangi ya methilini bluu itakuonesha zilizokufa.

Baki kwenye volti hizi ndogo. Majaribio ya dhahabu ya mwaka 2001 yalitumia volti nyingi zaidi, na hizo hazichezewi bila msimamizi. Vilevile chembe za nano zikiwa kavu usizivute puani. Zishughulikie zikiwa ndani ya maji.

Anayefanya jaribio la hamira atakuwa amejifunza fizikia ile ile ya uzi wa dhahabu: mteremko wa uga, K, marudio, chumvi, na foleni ya ncha kwa ncha. Kinachobadilika ni r. Siku atakapopata nafasi kwenye maabara yenye lithografia, hapa nchini au kwingine, atapunguza pengo na r pamoja, na hesabu zitakuwa zake tayari.

Maswali ya kujipima

1. Kifaa chako kinatoa volti 7 na una elektrodi zenye pengo la mikromita 10. Onesha kwamba chembe yenye r ya nanomita 100 inapata mshiko wa vipimo zaidi ya 500, na yenye r ya nanomita 10 inapata kama nusu kipimo tu. Ungefanya nini ili uishike hiyo ya pili?
2. Kwa nini kurudufisha volti kunaongeza mshiko mara nne, wala si mara mbili?
3. Chembe ya plastiki ina pemitiviti ya takriban 2.5. Kwenye marudio ya juu sana majini, itakwenda penye uga mkali au hafifu? Eleza kwa mfano wa kizibo.
4. Maji mekundu ya dhahabu yamegeuka bluu baada ya kutiwa chumvi ya mezani kidogo. Nini kimetokea kwa chaji za sitrati?
5. Lau uzi wa dhahabu ungekuwa na ncha butu badala ya nyembamba, ungeota haraka zaidi au polepole? Kwa nini?

Leta majibu yako kwenye kikao kijacho, inshallah, pamoja na karatasi ya hesabu. Swali la kwanza ndilo litakalokuambia kama mradi wako utasimama, kwa hiyo anza nalo.